Siku Ile Haisahau, Chumvi Huisahau

Katika nyumba nyingi maneno "umesahau tena?" husemwa kwa wepesi kama salamu. Mama ameacha sufuria jikoni hata maharagwe yakaungua. Baba ametumwa chumvi na mafuta ya taa, akarudi na mafuta ya taa peke yake. Kijana ameelezwa mara tatu kwamba mtihani ni Jumatano, naye Jumatano asubuhi akakutwa amelala. Aghalabu mambo kama haya huchekwa, yakapita. Binadamu husahau, na asiyesahau hajazaliwa.

Lakini ziko nyumba ambamo kusahau hakuchekwi tena. Ni nyumba ambamo mmoja wao alipata kupitia jambo la kutisha: ajali ya basi iliyowaua abiria aliokaa nao kiti kimoja, moto, kuzama kwa chombo, kubakwa, vita, au kipigo cha miaka mingi kutoka kwa mtu aliyepaswa kumlinda. Mtu huyo alirejea nyumbani mzima wa viungo, ndugu wakamshukuru Mungu, wakachinja kuku. Miezi ikapita. Ndipo manung'uniko yakaanza: huyu siku hizi hasikii, hajali, hana kichwa. Fedha za ada ya mtoto ameziweka mahali asipopakumbuka. Akiulizwa jambo aliloambiwa asubuhi hulikana, na kwa kulikana huonekana mwongo. Ajabu ni kwamba mtu huyu huyu, ukimgusia siku ile ya balaa, aweza kukueleza rangi ya shati alilovaa kondakta.

Yawezekanaje basi mtu mmoja awe na kumbukumbu kali kupita kiasi, na wakati huo huo awe msahaulifu kupita kiasi? Wengi hulijibu swali hili upesi: anajisingizia, ama ni mzembe. Neno hili "uzembe" limekuwa jepesi mno vinywani mwetu. Tunalitupa kwa mtoto, kwa mke, kwa mfanyakazi mwenzetu, kabla hatujauliza lolote. Safu ya leo yataka kuonyesha kwamba kusahau kwa namna hii kuna chanzo chake, na kwamba chanzo hicho hakiko mbali na lile tukio lenyewe.

Tuanze na siku ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki twaikumbuka. Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu asubuhi ikiwa imepita kidogo, bomu lililopakiwa katika lori liliripuka kando ya ubalozi wa Marekani mjini Nairobi. Wakati ule ule jingine likaripuka kwenye ubalozi wa nchi hiyo mjini Dar es Salaam. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, na Dar es Salaam 11. Majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Kuna jambo moja la Nairobi ambalo msomaji nakuomba ulitie maanani. Kabla ya ule mripuko mkubwa ulisikika mshindo mdogo, na watu waliokuwa maofisini katika majengo ya jirani wakainuka wakaenda madirishani kutazama kuna nini. Mripuko wenyewe ukawakuta hapo hapo, na vioo vikawapiga usoni. Wengi waliumia macho, na wako waliopofuka.

Hebu fikiri maana yake kwa akili ya mtu aliyenusurika. Mshindo mdogo, ambao kwako wewe ni mlango uliobamizwa na upepo, kwake yeye ni utangulizi wa kifo. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, walisema wahenga, nao hawakusema kwamba mtu huyo ni mwoga. Walisema tu kilicho kweli juu ya mwili wa binadamu.

Katika miezi michache iliyofuata, Dakta Frank Njenga wa Nairobi na wenzake walikusanya majibu ya watu 2,883 walioguswa na mkasa ule, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Karibu asilimia 35 walikuwa na dalili zinazolingana na maradhi ambayo madaktari huyaita mfadhaiko wa baada ya kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo ni kuuona mripuko kwa macho, kujeruhiwa, kufiwa, kupata shida ya fedha baadaye, na, jambo ambalo lapasa kutuamsha sisi wa majumbani, kutokuwa na rafiki wa kumfungulia moyo.

Maradhi haya ni nini? Jina lake liliingia rasmi katika kitabu cha madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mgonjwa hurudiwa na tukio, ama kwa ndoto mbaya, ama kwa picha zinazomjia mchana kweupe bila kuzialika. Hukwepa kila kitu kinachomkumbusha. Moyo wake hubadilika, akajiona mwenye hatia, au akawa baridi kwa watu aliowapenda. Na mwili wake hukaa chonjo saa zote: hushtuka upesi, hukasirika upesi, halali. Dalili hizi zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumharibia mtu kazi na maisha yake, ndipo daktari huzipa jina hilo. Katika orodha ile ya mwaka 1980, upungufu wa kumbukumbu ulitajwa waziwazi pamoja na kushindwa kutuliza akili juu ya jambo moja. Orodha za miaka ya baadaye zimebakiza hilo la pili, yaani akili kukosa utulivu, na kuongeza kwamba mgonjwa aweza kusahau sehemu muhimu ya lile tukio lenyewe. Kwa maoni yangu badiliko hilo la maneno lina maana kubwa, kwani ndipo ulipo ufunguo wa fumbo letu.

Tuseme ubongo ni ofisi yenye masjala. Barua ikiingia, karani huipokea, huigonga muhuri, huifungulia jalada, kisha jalada hupangwa kabatini. Siku likihitajika hutolewa. Basi kusahau kwaweza kutokea mahali patatu. Barua yaweza kuwa haikupokelewa. Yaweza kuwa imepokelewa lakini ikapangwa ovyo. Au imepangwa vizuri, ila anayeitafuta haioni. Sisi tunapomwambia mtu "umesahau", hudhani daima kwamba jalada limepotea kabatini. Kwa mtu mwenye kiwewe, hasara kubwa hutokea mapema zaidi, pale mlangoni. Karani amegeuzwa askari wa zamu. Kila pikipiki inapopiga mshindo huacha meza akakimbilia dirishani. Kila mgeni anayeingia hukaguliwa mikono. Barua zinazidi kuja, zinarundikana, nyingine zinapeperushwa na upepo. Mke asemapo, "Ukipita dukani niletee chumvi," masikio husikia, kinywa hujibu "haya", lakini karani hayupo mezani. Jioni chumvi ikiulizwa, hakuna jalada la kutafutwa. Halikufunguliwa hata siku moja.

Ndiyo maana mtu huyu hukana kwa dhati kwamba hakuambiwa. Hasemi uongo. Kwa upande wa kumbukumbu yake, kweli hakuambiwa.

Na ile siku ya balaa je, mbona iko wazi hivyo? Kwa sababu siku ile karani na askari walikuwa wakitazama kitu kimoja. Hofu ilipopanda, mwili ulimwaga homoni zinazokaza kumbukumbu, na kijisehemu cha ubongo kiitwacho amigdala, chenye umbo la lozi, kikaweka alama juu ya kila kilichokuwapo: harufu, mlio, rangi. Hata hivyo, usidhani kwamba kumbukumbu hiyo imepangwa vema. Mara nyingi ni vipande vilivyokatikakatika. Shati la kondakta lipo, lakini aliyemtoa ndani ya basi hamjui, na kama ilikuwa kabla au baada ya saa sita hajui vilevile. Mpelelezi au hakimu asiyelifahamu jambo hili aweza kumwona shahidi kama huyo kuwa mbabaishaji.

Kiwewe huiba pia kwa njia nyingine. Kwanza usingizi. Wakati tumelala ndipo ubongo hupanga sehemu kubwa ya mambo ya mchana. Anayeamshwa na jinamizi kila usiku wa manane hana muda wa kazi hiyo. Pili, kule kukwepa. Kuzuia wazo lisikuingie ni kazi nzito inayotumia nguvu zile zile ambazo zingekumbuka karo, miadi na majina ya watu. Tatu, wataalamu wameona kwamba mtu wa namna hii akiombwa akumbuke siku moja mahsusi ya maisha yake, hata ya furaha, mara nyingi hujibu kwa jumla jumla. Badala ya kusema, "Jumamosi ile tulipovuna mpunga na shangazi," husema, "Zamani tulikuwa tukienda shamba." Ni kama kwamba akili yake imejifunza kutoingia ndani ya chumba chochote cha zamani, isije ikafungua kile kisichofaa.

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, na ililipiwa kwa gharama ya watu. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, daktari Mwingereza Charles Myers aliandika katika jarida la madaktari la The Lancet habari za askari watatu ambao mizinga ilipasuka karibu nao. Macho yao yalipungua nguvu, hawakusikia harufu wala ladha sawasawa, na kumbukumbu zao zilipungua. Wakubwa wa jeshi wengi hawakutaka kusikia habari hizo. Katika vita ile Uingereza iliwapiga risasi mamia ya askari wake kwa makosa kama kutoroka na woga, na wako miongoni mwao wanaoaminika kuwa walikuwa wagonjwa wa kiwewe. Askari 306 walisamehewa kwa sheria ya mwaka 2006, miaka 90 hivi baada ya kuzikwa.

Baadaye sana, mwaka 1995, Dakta Douglas Bremner na wenzake nchini Marekani walipima bongo za askari waliopigana Vietnam. Waliangalia hipokampasi, sehemu iliyopewa jina hilo kwa kuwa umbo lake lafanana na farasi wa baharini, ambayo kazi yake kubwa ni kufungua yale majalada mapya. Kwa askari wenye maradhi ya kiwewe, hipokampasi ya kulia ilikuwa ndogo kwa asilimia 8 kuliko ya wenzao waliolinganishwa nao. Wengi wakasema, basi, kiwewe chala ubongo. Lakini mwaka 2002 watafiti wengine wakafanya jambo la busara: wakatafuta mapacha wa kufanana, mmoja alikwenda vitani, mwingine alibaki nyumbani. Walikuta kwamba askari aliyeugua sana alikuwa na hipokampasi ndogo, na pacha wake ambaye hakuusikia hata mzinga mmoja naye alikuwa na hipokampasi ndogo. Kwa hiyo, angalau kwa sehemu, udogo ule ulikuwapo kabla ya vita. Huenda ndio uliowafanya wengine waumie zaidi kwa tukio lile lile lililowapita wenzao. Nalitaja jambo hili kwa sababu msemo wa "ubongo wake umeharibika" husambaa mtaani upesi, nao humvunja mgonjwa moyo bure. Wenye maradhi haya wakipewa orodha ya maneno wajifunze, hukumbuka machache kuliko wenzao. Pengo hilo lipo, lakini si la mtu aliyepoteza akili.

Sasa yafaa kuweka mpaka, tusije tukamwona kila anayesahau funguo kuwa mgonjwa wa kiwewe. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao asilimia 70 duniani hukutana na tukio la kutisha maishani, lakini waliopata kuugua maradhi haya ni asilimia 3.9 tu ya watu wote. Hadi asilimia 40 ya wanaougua hupona ndani ya mwaka mmoja. Kuingia chumbani ukasahau ulifuata nini si ugonjwa. Jina la jirani kukutoka, kisha likarudi usiku ukiwa kitandani, si ugonjwa. Tena kusahau kwaweza kuletwa na upungufu wa damu, kisukari, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, sonona, pombe, au uzee. La kuangaliwa zaidi ni hili: aliyenusurika ajali aweza pia kuwa aligonga kichwa. Akiwa na maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, kuona vitu viwili viwili, kusinzia kusiko kwa kawaida, au udhaifu wa upande mmoja, hiyo si kazi ya subira wala ya maneno mazuri. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa yule ambaye shida yake ni kiwewe, nyumba yaweza kufanya mengi bila kutumia hata senti. Kwa kuwa hasara hutokea mlangoni, msaidie karani arudi mezani. Usimsemeshe kutoka chumba kingine huku redio ikiunguruma na watoto wakigombana. Mkaribie, mwite kwa jina, subiri akutazame, kisha sema jambo moja. Sema moja, wala si manne. Akiwa mtu wa kushtuka, mwachie kiti kinachoelekea mlango, kwani anayeuona mlango hana haja ya kugeuka geuka, na akili aliyokuwa akiitumia kugeuka ataitumia kukusikiliza. Funguo, kitambulisho na dawa viwe na mahali pake pamoja, nyumba nzima ipajue na mtu asipahamishe. Liwepo daftari la kurasa chache, kalamu imefungwa kwa uzi, aandike mwenyewe kwa mkono wake. Anayepika asiachiwe jiko na mtoto mchanga kwa wakati mmoja katika siku zake mbaya, na siku mbaya nyingi hujulikana: tarehe ya tukio inapokaribia kila mwaka, au baada ya usiku usio na usingizi.

Jambo moja huwashinda wengi, nalo ni kuacha kumtahini. "Haya, niambie, nilisema nini asubuhi?" Swali hili halikumbushi kitu. Hufanya nyumba nayo iwe mahali pa kukaa chonjo, na karani akarudi dirishani. Najua wake na waume wanaouliza hivyo huwa wamechoka, na kuchoka kwao ni kwa haki. Kuishi na mtu anayesahau kila kitu isipokuwa siku moja ni upweke wa aina yake. Nao watafute wa kuzungumza naye.

Tiba ipo. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa na wataalamu kutoka Ujerumani katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda. Wakimbizi 43 kutoka Sudan waliokuwa wakiugua maradhi haya waligawanywa mafungu matatu. Wa kwanza walisimulia maisha yao kwa mpango, tangu kuzaliwa, wakipita polepole penye mambo ya kutisha, na masimulizi yao yakaandikwa. Wa pili walipewa ushauri wa kawaida. Wa tatu walielezwa tu maradhi yenyewe ni nini. Baada ya mwaka mmoja, katika fungu la kwanza waliobaki na maradhi walikuwa asilimia 29, katika la pili asilimia 79, na katika la tatu asilimia 80. Katika tiba hii mara nyingi hutandikwa kamba sakafuni kuwa ndiyo maisha ya mtu, jiwe likawekwa penye msiba, na ua penye furaha. Kwa lugha ya masjala yetu, vile vipande vilivyotapakaa hupewa jalada, tarehe na mahali pake, hata karani akajua kwamba jambo lile lilikwisha. Lakini hii ni kazi ya aliyefunzwa. Jirani mwenye nia njema asimlazimishe mtu kusimulia usiku kucha yale ambayo hajawa tayari kuyasema.

Wako wanaoogopa kwenda kwa daktari wa akili kwa sababu ya ule utani wetu mbaya wa kumwambia mtu "nenda Mirembe". Hospitali ile ya Dodoma imewatibu watu wengi, na wanaoitumia kama tusi wangefaa kuona haya. Badala yake watu hukimbilia chupa, au vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti. Valium na ndugu zake hupunguza wenyewe uwezo wa kuweka kumbukumbu mpya, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za jamii hiyo zisitumiwe kwa watu wazima kutibu dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Anayezitumia kwa muda mrefu asizikatize ghafla, bali amwone daktari azipunguze kidogo kidogo.

Tusiwasahau wazee wetu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Kagera ilipovamiwa mwaka 1978 sasa ni mzee, na anaposahau sisi husema ni umri. Yaweza kuwa kweli. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuatilia maaskari wastaafu zaidi ya 180,000 wa Marekani kwa miaka saba, ulionyesha kwamba wenye maradhi ya kiwewe waliopatwa na upotevu wa akili wa uzeeni walikuwa asilimia 10.6, na wasio nayo asilimia 6.6. Hilo halithibitishi kwamba kimoja huzaa kingine. Latosha, hata hivyo, kumfanya mjukuu amuulize babu analalaje usiku, na kama bado husikia mizinga.

Mkienda kumwona daktari, nendeni wawili, na mchukue lile daftari. Mwandike humo tangu nyumbani: tukio lilikuwa lini, ndoto zilianza lini, mara ngapi kwa wiki, dawa gani amekunywa, na kama alipata kugonga kichwa. Daktari atayauliza yote hayo, na mgonjwa, akiwa ameketi huku mlango uko nyuma yake, atakuwa ameyasahau.